Kujitolea Kuhudumia Wanyama: Mazungumzo na Wakazi wa Mbololo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Wadi ya Mbololo, Kaunti Ndogo ya Voi, kuhusu kazi ya kujitolea katika makao ya wanyama na katika huduma za mifugo.



Anayetoka asubuhi kuelekea mjini Voi huenda amewahi kuliona boksi. Ni katoni ya kawaida ya dukani, imeachwa chini ya mti au karibu na jaa la soko, na ndani mna watoto wanne au watano wa mbwa ambao macho yao ndiyo kwanza yamefumbuka. Aliyeliacha hapo si lazima awe mtu katili. Mara nyingi ni mtu aliyeshindwa kuwaua na akashindwa kuwalisha, akatumaini kwamba mwenye uwezo kumliko yeye atapita. Anayepita ni mtoto wa shule. Huchukua mmoja, humficha ndani ya sweta, humfikisha nyumbani, na kesi huhamia jikoni kwa mama yake.

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto huyo, pamoja na watu wazima walio kama yeye. Wapo wengi. Wapo wanaoacha ukoko wa ugali nyuma ya nyumba kwa ajili ya mbwa asiye na mwenyewe, na wapo wanaomgombeza kijana anayempiga punda aliyelemewa na mitungi ya maji. Huuliza: mtu akitaka kujitolea kuwasaidia wanyama, aende wapi, na afanye nini?

Kwanza, jambo hili ni la nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha kazi za serikali za kaunti. Miongoni mwa barabara za kaunti, zahanati na masoko, kuna kipengele ambacho wananchi wengi hukipita bila kukisoma: udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwa ni pamoja na utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Kwa hiyo anayesimama kwenye baraza na kuuliza kuhusu mbwa wanaorandaranda hapotezi muda wa watu. Anauliza jambo lililo ndani ya Katiba. Na ni vyema iseme wazi mapema: watu wanaojitolea huongeza nguvu ya huduma, hawachukui nafasi ya wajibu wa serikali. Mwananchi asikubali kuambiwa vinginevyo.

Makao ya wanyama kwa maana ya jengo, vizimba, daktari na orodha ya wanaosubiri kuchukuliwa nyumbani, nchini Kenya si mengi. Shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama linalojulikana kwa kifupi kama KSPCA lilianza Nairobi mwaka 1910, na hadi leo hupokea mbwa, paka na punda waliotupwa au kuumizwa. Huko Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale haviwezi kupitisha gari na mizigo hubebwa na punda, The Donkey Sanctuary kutoka Uingereza lilifungua kituo cha kutibu punda mwaka 1987, na matibabu ni ya bure. Lamu ina funzo moja ambalo lingefaa Mbololo. Mwenye punda pale hakuanza kuchukuliwa kama mshtakiwa. Aliambiwa alete punda mwenye kidonda atibiwe, na wakati punda anatibiwa, mwenyewe alionyeshwa kwamba kidonda kilitokana na kamba ya nailoni au tandiko lisilo na kitambaa. Mtu anayehofia faini atamficha mnyama mgonjwa. Anayetarajia dawa humleta mwenyewe.

Lakini hakuna haja ya kwenda Nairobi wala Lamu kutafuta mfano wa makao ya wanyama. Moja ya makao yanayojulikana duniani kote liko hapa hapa Voi, ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, ingawa wakazi wengi hawalihesabu kama makao kwa sababu wanaolelewa humo ni ndovu.

Mbuga za Tsavo zilianzishwa mwaka 1948, na David Sheldrick akawa mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Yeye na mkewe Daphne waliishi Voi kwa miaka mingi na nyumba yao ikawa kimbilio la wanyama yatima. Ndovu waliokwisha acha kunyonya waliweza kuokolewa. Wachanga walikufa. Maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa kwa sababu ya aina ya mafuta yaliyomo, na Daphne alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine mpaka akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribia yale ya maziwa ya mama yao. Mtu wa pwani akisikia hilo hutabasamu kidogo: nazi inayoungwa kwenye mchuzi ndiyo iliyomwokoa ndovu.

Mwaka 1974 aliletwa ndama mchanga akaitwa Aisha. Kwa mchanganyiko huo wa maziwa, Aisha alinenepa, akacheza, akavuka miezi ya kwanza ambayo wengine hawakuivuka. Daphne ndiye aliyemlisha na ndiye aliyekuwa naye mchana kutwa. Kisha binti ya Daphne akafunga ndoa, na mama akaondoka kwenda harusini kama mama yeyote. Ndama akaachwa mikononi mwa watu wengine. Maziwa yalikuwa yale yale, chupa ile ile. Aisha alikataa kula, na akafa.

Kilichomuua kilikuwa kutengwa na mtu mmoja ambaye kwake alikuwa ndiye familia yote. Kutokana na msiba huo, utaratibu ukabadilika kabisa. Tangu hapo yatima hawalelewi na mtu mmoja. Wanalelewa na kundi la walezi wanaopokezana zamu, mchana na usiku, ili ndama awapende wote na asimwegemee yeyote peke yake. Mlezi mmoja akienda likizo, ndama hunyonya kwa mwingine. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya David kufariki, linafuata utaratibu huo hadi leo, na ndovu wengi walioanzia kwenye kituo cha Nairobi huletwa Voi kujifunza maisha ya mwituni kabla ya kujiunga na makundi ya porini.

Walezi hao wameajiriwa, hawajitolei, na mwananchi hawezi kubisha hodi kwenye zizi la ndovu akaomba kusaidia. Hata hivyo kisa cha Aisha kinamgusa kila anayetaka kujitolea kwa mnyama wa aina yoyote, kwa sababu kosa lile lile hurudiwa kwa mbwa kila mwaka. Shule zinapofungwa, vijana kumi hujitokeza. Huja kila siku kwa wiki mbili, huwapa watoto wa mbwa majina, huwabeba, hupiga nao picha. Shule zinapofunguliwa hakuna anayerudi. Mbwa waliozoea mikono ya watu hulia kwenye uzio, na mtu mmoja aliyebaki, kwa kawaida mwanamke mwenye kazi zake nyingine, hubebeshwa vizimba vyote. Kijana anayeweza kufika Jumamosi moja tu kila wiki, asubuhi, mwaka mzima, ana faida kuliko hao kumi.

Na akifika, atafanya nini? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu kazi ya makao ya wanyama kwa sehemu kubwa ni usafi. Ni kufagia kinyesi, kuosha bakuli, kubadilisha maji, kuanika matandiko juani. Kuna utaratibu wake, na utaratibu huo huokoa uhai. Ugonjwa wa parvo, ambao huwaharisha damu watoto wa mbwa na kuwaua kwa siku chache, husababishwa na kirusi kinachoweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Hakihitaji mbwa ili kisafiri. Soli ya kiatu inatosha. Ndiyo maana mtu wa zamu huanza na watoto wachanga wenye afya, halafu wakubwa, na wagonjwa huwa wa mwisho, wala harudi nyuma. Ndiyo maana mbwa aliyeletwa leo hakai na wenzake, hata akiwa mchangamfu namna gani, mpaka apite muda wa karantini. Mtu mwenye huruma anayembeba mgeni huyo mdogo na kumpeleka akacheze na wengine anaweza kulimaliza kundi zima.

Baada ya usafi huja kuandika. Mnyama aliingia lini, alitoka wapi, alikula au alikataa, alitapika, alichanjwa lini. Daktari wa mifugo anayepita mara moja kwa wiki hutegemea daftari hilo. Kijana asiyependa kushika mbwa lakini mwenye mwandiko unaosomeka anahitajika sana.

Kuna mipaka ambayo anayejitolea haivuki. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka mtu anayetibu mnyama awe amesajiliwa. Anayejitolea hashiki sindano kwa sababu tu ameona daktari akifanya hivyo mara tatu. Anashika kamba na daktari anashika sindano.

Sasa kuhusu kichaa cha mbwa. Suala hili halipitwi haraka.

Ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote hupata maambukizi kutoka kwa mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa kuwa hucheza na mbwa na tena ni wafupi, hivyo huumwa usoni na kichwani, mahali ambapo kirusi kina safari fupi kuelekea ubongo. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, kifo ni karibu hakika. Kabla ya dalili, kinga ipo: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo aanze chanjo, na amalize awamu zote hata kidonda kikiwa kimepona. Pilipili, majivu na mafuta ya taa haviwekwi kwenye jeraha. Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na anaweza kufungwa salama, asiuawe papo hapo. Hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uelekezi wa afisa wa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari ana habari muhimu sana kuhusu mtu aliyeumwa.

Mwaka 2014 Kenya ilianza mkakati wa kitaifa wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hesabu yake ni rahisi kueleza ingawa si rahisi kutimiza: wakichanjwa mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo, na jambo hilo likarudiwa mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuwaua mbwa ovyo hakuleti matokeo hayo. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa ambao hawajapata chochote.

Hapa ndipo Mbololo inapoweza kuanza bila jengo lolote. Siku ya chanjo ikitangazwa, daktari mmoja na msaidizi wake wanaweza kuchanja mbwa wengi, iwapo mbwa watafika. Hawafiki kwa sababu mwenye boma yuko kazini, mbwa hajawahi kufungwa kamba, na mtoto wa miaka minane hawezi kumvuta. Wanaojitolea ndio wanaopita nyumba kwa nyumba siku tatu kabla, wakiandika kila boma lina mbwa wangapi. Ndio wanaobeba kamba za ziada. Ndio wanaopanga foleni kwa umbali ili mbwa wasipigane. Ndio wanaorudi jioni kwenye maboma ambayo hayakuleta mbwa na kuuliza kwa adabu kulikuwa na shida gani. Ile orodha yao ndiyo itakayoonyesha kama 7 kati ya 10 imefikiwa au watu wamejipongeza bure. Chanjo inahitaji kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na joto la nyanda za Voi halimsubiri mtu aliyechelewa, kwa hiyo kila nusu saa inayookolewa kwenye foleni ina thamani.

Kwa wakazi wa hapa kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mbuga za Tsavo zimechukua sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii, na mbwa wa kijijini hajui mpaka wa mbuga. Mwaka 1994 huko Serengeti, nchini Tanzania, ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliwaingia simba na kuua karibu thuluthi moja yao, takriban simba 1,000, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na mbuga. Wanaopata riziki kutokana na watalii, kuanzia dereva hadi mwenye kibanda cha chai, wana hisa katika afya ya mbwa wa jirani.

Wanyama wa porini ni habari tofauti. Mtoto wa digidigi aliyelala peke yake kichakani mara nyingi hajatupwa. Mama yake amemficha na atarudi. Kumchukua nyumbani ni kumfanya yatima, na tena ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 kumfuga bila kibali. Aliyejeruhiwa, au ndama wa ndovu aliyetumbukia kisimani, ataarifiwa KWS, ambao makao makuu yao ya Tsavo Mashariki yako hapa Voi. Anayejitolea hapo kazi yake ni moja: kuwazuia watu wasikusanyike wakipiga kelele mpaka maafisa wafike. Kwa aliyewahi kujaribu kuwatuliza watu mbele ya ndovu, hiyo si kazi ndogo.

Limebaki suala ambalo vijana huliuliza pembeni baada ya mikutano, wakiona haya kuliuliza mbele ya wazee. Je, kujitolea huleta ajira?

Jibu la haki ni kwamba mara nyingi halileti, na anayemwahidi kijana kazi ili amfanyie kazi ya bure anamdanganya. Kinachowezekana ni hiki: kijana aliyejitolea kwa mwaka mzima na ana barua inayoonyesha hivyo huwa ameshajua kama kazi ya mifugo inamfaa kabla mzazi hajauza mbuzi kulipa karo ya chuo. Anayetaka kuendelea anaweza kuomba nafasi katika vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI kule Kabete, Ndomba au Nyahururu. Lakini kabla hajaanza kujitolea popote, aulize mambo kadhaa na ayapate kwa maandishi. Atafanya saa ngapi? Nauli ni ya nani? Glavu na buti zipo, au atafagia kinyesi kwa ndala? Nani atagharamia matibabu akiumwa? Kuhusu kuumwa, anayeshika mbwa wasiojulikana mara kwa mara anapaswa kuchanjwa yeye mwenyewe kwanza, kabla ya tukio. Mahali pasipoweza kujibu maswali hayo hapajawa tayari kupokea watu wa kujitolea, hata kama wanyama wake wanatia huruma. Aliye chini ya miaka 18 afike na mzazi au mwalimu.

Wenye punda, ng'ombe na mbuzi wasidhani wamesahauliwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inawahusu wanyama hao pia, na kumpakia mzigo unaomzidi nguvu au kumtumikisha akiwa na jeraha ni kosa. Kikundi cha vijana kikitaka kazi ya bei nafuu kuliko zote, kishone matandiko ya punda kwa magunia na vitambaa vikuukuu. Gunia moja lililokunjwa vizuri huzuia kidonda ambacho kingemweka punda nje ya kazi kwa wiki kadhaa, na mama anayemtegemea kuleta maji akabeba mtungi mgongoni mwake.

Mwisho, boksi. Mtoto wa shule aliyeliona afanye nini?

Asiwashike watoto wa mbwa kwa mikono mitupu, na kama mama yao yuko karibu asimsogelee kabisa. Amwite mtu mzima. Mtu mzima awahamishie kivulini, mbali na mbwa wa nyumbani, na wakae peke yao kwa wiki mbili. Walio chini ya wiki nne bado wananyonya, na maziwa ya ng'ombe peke yake hayawatoshi, kwa hiyo afisa wa mifugo aulizwe mapema jinsi ya kuwalisha. Wapewe dawa ya minyoo na chanjo umri ukifika, na wasigawiwe watu kabla ya kutimiza wiki nane. Anayechukua mmoja aandikwe jina na kijiji, ili atembelewe baadaye.

Kisha atafutwe mama yao, kwa sababu yuko kwenye boma fulani si mbali na hapo, na mwenyewe anajulikana na majirani. Asiende mtu kumtukana. Aende mzee wa mtaa pamoja na kijana mmoja wa kujitolea, wakae, wanywe maji, wamweleze kwamba mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na wamuulize kama atakubali mbwa wake afungwe kizazi daktari akipita. Akikubali, jina lake liandikwe kwenye daftari, pamoja na jina la atakayemsaidia kumfikisha mbwa siku hiyo.